Mnara wa mbao kutoka Keko

Nianze na kabati. Lilikuwa kabati la vioo, zuri kweli, limepigwa kufuli, ndani kuna vile vipande vya mbao vya pinki vinavyopangwa kimoja juu ya kingine mpaka vinakuwa mnara, kuna silinda zenye vishikio, kuna shanga za rangi ya dhahabu, vyote vimetulia havina hata alama ya kidole cha mtoto. Nikamuuliza mwalimu aliyekuwa anatutembeza, madam, hivi vinatumika siku gani? Akasema tunavitoa kwa utaratibu mama, unajua watoto wanapoteza. Na watoto wenyewe wako chumba cha pili, wana miaka mitatu mitatu, wamekalishwa kwenye viti, tai shingoni, wanaimba ABC kwa kelele macho ubaoni. Getini nje jina la shule lina neno Montessori, herufi za rangi rangi na kipepeo.

Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mwanangu intavyuu. Ndiyo, intavyuu, mtoto wa miaka minne. Fomu nimenunua elfu ishirini, hairudi. Mwanangu ana jina la babu yake mzaa baba kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Babu, na Babu ana usonji, haongei, yani sauti anayo, anaimba nyimbo zake anazozijua mwenyewe, ila maneno hamna. Wakamkalisha mbele ya meza wakamuuliza jina lake kwa Kiingereza. Babu akashuka kwenye kiti, akaenda moja kwa moja kwenye lile kabati, akaweka kiganja kwenye kioo usawa wa ule mnara, akatulia tuli. Mi nikadhani hapo ndo amepata nafasi, kumbe ndo ameikosa. Mkuu wa shule akaniita pembeni kwa upole sana (wakishakuwa wapole hivyo ujue tayari) akaniambia mama, huyu tunaona hataenda na spidi ya wenzake, mtafutie shule ya watoto wa aina yake.

Watoto wa aina yake. Nikapanda daladala ya Tabata nimempakata, foleni ya Buguruni hiyo haisogei, na hayo maneno yananizunguka kichwani tu.

Usiku watu wamelala nikawasha simu, bando lenyewe la kuungaunga, nikaanza kusoma huyo Montessori ni nani hasa. Maana mi nilikuwa najua ni neno la shule zenye ada kubwa, kama vile watu wanavyoandika akademi. Kumbe ni mtu. Mama wa Kiitaliano, Maria Montessori, kazaliwa 1870, kamaliza udaktari chuo kikuu cha Roma 1896, enzi ambazo madaktari wanawake Italia unawahesabu kwa vidole. Na nilipofika hapa ilibidi nikae kitako kabisa: hakuanza na watoto wa matajiri, hakuanza hata na hawa tunaowaita wazima. Alianza na watoto wa aina yake. Aina ya Babu.

Alikuwa anafanya kazi kliniki ya magonjwa ya akili hapo hapo Roma, na zama hizo mtoto mwenye ulemavu wa akili alikuwa anaweza kufungiwa kwenye hospitali ya vichaa pamoja na watu wazima, ndo basi tena. Inasimuliwa kwamba kuna mhudumu alikuwa analalamika, hawa watoto ni wachafu, wakishakula wanajitupa sakafuni kugombea makombo ya mkate. Montessori akaangalia kile chumba, akaona hamna kitu kingine chochote mle ndani cha mtoto kushika. Kuta, sakafu, makombo. Haikuwa njaa ya tumbo ile, ilikuwa njaa ya vidole.

Nikakumbuka kile kiganja kwenye kioo. Aisee.

Basi akaanza kuwachimba madaktari wawili wa Ufaransa waliomtangulia. Mmoja ni Itard, yule aliyejaribu kumfundisha kijana aliyepatikana porini wakamwita Victor, na wa pili ni Séguin aliyepitia mikononi mwa Itard, na huyu Séguin ndo alikuwa fundi hasa wa kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili kwa vitu vya kushika na kufanya, sio kwa kuhubiriwa. Vifaa vingi tunavyoviita vya Montessori mizizi yake iko kwa hao wawili. Mwaka 1900 ikafunguliwa shule Roma ya kuandaa walimu wa watoto hawa, yeye akiwa mmoja wa wakurugenzi wawili, na baadhi ya watoto aliowafundisha kusoma na kuandika wakapelekwa kwenye mtihani wa shule za kawaida wakafaulu. Watu wakapiga makofi, muujiza huo! Yeye anawaza kingine, kwamba hawa wazima wanafanyiwa nini huko mashuleni mpaka wangu wanawafikia? Hilo swali ndo likamtoa kwa watoto wenye ulemavu akaenda kwa wengine. Tarehe 6 Januari 1907 akafungua chumba cha watoto San Lorenzo, mtaa wa mafukara, ambako wazazi wakienda kazini watoto wanabaki wanachafua kuta za majengo mpaka wenye majengo wakaona bora wakusanywe mahali pamoja. Kutokea pale ndo jina likaenda dunia nzima.

Kwa hiyo hesabu iko hivi. Njia ilichongwa kwa watoto wenye ulemavu, wakaiazima wazima, ikawa nzuri, ikapanda bei, sasa wenyewe wakija wanarudishwa getini. Hilo ndo donge langu na sitaki kulimeza.

(Kingine kilichonichoma, hakihusiani sana ila akina mama mtanielewa: Maria alizaa mtoto 1898, Mario, na mwenzake wa kazi, yule yule mkurugenzi wa pili, bila ndoa, na kwa aibu za enzi zile mtoto akapelekwa kulelewa na familia nyingine kijijini. Yani anawatafutia dawa watoto wa watu na wake yuko shamba. Baadaye waliungana, Mario akafanya naye kazi mpaka mama anafariki 1952.)

Nikasema sawa, kama kabati limefungwa tutachonga letu. Keko nani asiyeijua, vitanda na makochi mpaka barabarani. Nikampata fundi mmoja, nikamwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia kaka nataka vipande kumi, cha kwanza sentimita 10 kila upande, kinachofuata 9, halafu 8, shuka hivyo hivyo mpaka cha mwisho sentimita 1. Akacheka, dada hii si kazi ya kuchezea hii? Nikamwambia eeh, ni ya kuchezea. Tukamalizana elfu thelathini na tano kwa mabaki ya mninga, ishirini nikatanguliza, akanizungusha wiki tatu, leo umeme umekatika, kesho msaidizi anaumwa, mafundi mnawajua. Pinki sikupaka maana Babu kila kitu kinapitia mdomoni kwanza.

Ukivitazama unaona vipande tu. Ila kaa uviangalie vizuri: rangi moja, mbao moja, umbo moja, kinachobadilika ni ukubwa peke yake, kwa hiyo jicho la mtoto halina pa kupotelea. Na ukikosea mnara wenyewe unakuambia, unaona kabisa hapa pametokeza, hamna haja ya mtu mzima kusema "siyo hivyo". Kwa mtoto kama Babu hilo ni jambo kubwa, maana ukimsahihisha kwa mdomo anaziba masikio na kazi imeishia hapo.

Nikanunua Kariakoo mkeka mdogo, ule wa kukalia mtu mmoja. Watoto wa Montessori wanafanyia kazi juu ya mkeka, ukikunjuliwa maana yake kazi imeanza na mpaka wake ni ule ukingo, ukikunjwa imeisha. Babu aliupenda mkeka kabla ya mnara, wiki nzima tunakunja tunakunjua, nikamwacha.

Jinsi ya kumwonyesha: unakaa pembeni yake, sio mbele, unafanya mwenyewe polepole, mdomo umefunga. Jamani. Kufunga mdomo ndo palikuwa pagumu. Sisi kwa mtoto hatunyamazi, haya weka baba, siyo hicho, enhe hicho, haya kingine, hongeraaa, piga makofi! Yote hayo kwa Babu ni makelele, yanamtoa kwenye kitu anachokiangalia. Nilikuwa naing'ata midomo.

Wiki ya kwanza ya mnara alivipanga mstari. Ya pili alivirusha. Kile cha sentimita 1 kikaingia chini ya friji tukakitafuta kwa fagio (wale walimu wa kabati hawakudanganya, watoto wanapoteza). Wiki ya nne akaanza kupandisha, kumi chini, tisa juu yake, nane, halafu anasimama. Anatoa nane. Anatoa tisa. Anashika moja mkono huu moja mkono huu, anapitisha kidole gumba ukingoni, anarudisha, anatoa tena. Siku ya kwanza nikasema ndo tabia zake za kurudiarudia, hata kwenye karatasi za hospitali zimeandikwa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akaanza kulia, sio kile kilio cha kudeka, kile cha mtu anayeeleza kitu na hasikilizwi. Nikaenda kuchukua rula ya dada yake.

Tisa haikuwa tisa. Ilikuwa nane na milimita nne. Fundi alikata vibaya, labda aliona ubao umepungua akasema liwalo na liwe. Mi nimevishika vile vipande mwezi mzima, baba yake amevishika, fundi mwenyewe ana futi mkononi, hamna aliyeona. Nilikaa pale sakafuni na rula yangu nikamwambia samahani baba, uko sawa, kitu chenyewe ndo kibovu.

Ya fundi nitaimalizia chini.

Kuna somo moja la Montessori, asili yake ni kwa Séguin, lina hatua tatu, na kama una mtoto asiyeongea naomba ulishike hili kuliko vifaa vyote. Ya kwanza unataja tu: hii kubwa, hii ndogo. Ya pili unaomba: nipe kubwa, weka ndogo hapa, nionyeshe kubwa. Ya tatu ndo unauliza, hii nini? Sasa angalia tunavyofanya sisi, mtoto tunamrukia na ya tatu. Hii nini? Hii rangi gani? Sema! Asiposema tunaandika hajui. Babu ya tatu hana, ila ya pili anayo nzima, unaweza ukakaa nayo wiki, mwezi, na kwa kukabidhi tu na kuonyesha anakuambia kila anachojua. Pale kwenye ile intavyuu walimuuliza ya tatu, na kwa lugha ambayo nyumbani hatuongei.

Tuje jikoni. Montessori kazi za nyumbani ni nusu ya somo kwa watoto wa umri huu, kumimina, kufagia, kukunja nguo, kufunga vifungo. Nikaona hapa hamna cha kununua. Kumbe vita vyangu viko na bibi yake, mama mkwe wangu, anampenda Babu kuliko sote na neno lake ni moja, masikini. Masikini mlishe. Masikini mvalishe. Akimwona ameshika jagi anamnyang'anya, mwanangu huyu utamtesa. Sikubishana, nikasema mama naomba tujaribu, shikamoo zangu ziko palepale. Tukaanza na maharage kutoka kikombe kwenda kikombe, juu ya sinia ili yakimwagika yabaki kwenye sinia na ayaokote mwenyewe, hiyo kuokota ndo somo lenyewe. Halafu mchele. Halafu maji, na maji kwetu yanatoka kwa kuotea, ndoo unanunua, kwa hiyo dada wa kazi kila tone ananiangalia. Tukakubaliana maji ya Babu yanafanyia deki. Akimaliza dada anachukua beseni. Mwezi wa tatu hivi tumekaa uani jioni, Babu akaja na kikombe cha maji mikono miwili, nusu kimemwagikia kwenye kanzu, akampa bibi yake. Bibi akanywa yote. Hakusema masikini siku ile, ila kesho yake alimlisha ugali kama kawaida, safari bado ndefu.

Sio kwamba kila kitu cha huyu mama kinakaa kwa Babu. Zile herufi za kukata kwenye karatasi ya msasa mtoto azipapase kwa kidole, nilizitengeneza usiku kucha, gundi mpaka kwenye nywele, Babu alipogusa ya kwanza alipiga yowe jirani akaja kuuliza. Ngozi yake haitaki kukwaruzwa. Tukahamia kwenye mchanga laini ndani ya sinia, naandika a, anapita juu yake. Na ule uhuru wa mtoto kujichagulia kazi kwenye rafu iliyo wazi, kwa Babu rafu wazi maana yake dakika mbili kila kitu kiko chini, kwa hiyo namwekea vitu viwili tu, achague hiki au hiki, na picha ukutani za kinachofuata. Mtu akikuambia Montessori inaponyesha usonji anataka hela yako. Mnara hauleti maneno, mazoezi ya kuongea tunaenda vilevile.

Na shule? Saivi ana miaka mitano na nusu, yuko kitengo, kwa wasiojua ni yale madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya msingi ya kawaida ya serikali. Dar wengi mnaijua Uhuru Mchanganyiko ambako wasioona wanasoma na wanaoona, na wapo wenye ulemavu wa akili na wasiosikia wala kuona, sasa sisi tuko kwingine, kadogo, watoto wengi na mwalimu hatoshi. Lakini siku ya kwanza mwalimu alitoa boksi la viatu, ndani vizibo vya soda, vifungo, maharage, kandambili iliyotobolewa ikapitishwa kamba ya kiatu watoto wajifunze kufunga. Amevaa kitenge, kakaa chini kwenye jamvi, anaonyesha polepole, hasemi kitu. Nikamuuliza umesomea Montessori mwalimu? Akacheka, mi nimesomea elimu maalumu, hivi vitu tunaokota.

Siwasemi wote wenye hilo jina getini. Hapa nchini masista wa Kikatoliki wamefundisha walimu wa Montessori miaka na miaka na ukimpata aliyepikwa vizuri utamjua, darasa lake lina wa miaka mitatu mpaka sita pamoja, hamna anayepiga kelele, kila mtu yuko na lake, na muda wa kazi ni mrefu, masaa hata matatu bila kengele. Tatizo ni kwamba hilo neno halina mwenyewe, anayetaka analiandika. Kwa hiyo ukienda kutafuta shule usisome geti, nenda moja kwa moja ukaangalie kabati lina kufuli au halina. Na uwaulize mapema, mtoto wangu yuko hivi na hivi, mtampokea? kabla hujanunua fomu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na haki ya kusoma imo, ila elfu ishirini yako haitarudi.

Haya, fundi. Nilimrudia Keko na tisa yangu kwenye mkoba. Akaigeuza, akasema dada, milimita hizo nani ataziona? Nikamwambia ameshaona. Nani? Mtoto. Ana miaka mingapi? Mitano, na haongei. Akanyamaza, akachukua futi akapima mwenyewe mara mbili. Halafu akapima na vile vingine kwenye picha nilizopiga na rula, akasema hapa nimekosea kweli, hela usilete. Mninga ulikuwa umeisha akanikatia ya paini, nyeupe, sentimita tisa kamili kila upande, akaipiga msasa mpaka ikateleza.

Nikaja nayo nyumbani kifua mbele. Babu akaipokea, akainusa, akailinganisha na kumi, akailinganisha na nane, akaona imekaa. Halafu akaenda kuiweka nje ya mlango, maana wenzake wote ni wekundu na hii ni nyeupe. Nikairudisha, akaitoa. Mpaka leo mnara wetu una ghorofa tisa, tisa ya paini iko kizingitini inazuia mlango usijifunge, na ile mbovu nimeificha chini ya kitanda changu. Jana nimemkuta amelala kifudifudi, anachungulia huko.